Walikuja Kumzika Mama Mkwe Wangu Akiwa Jikoni Anamenya Viazi

"Wachuka, zima hiyo redio. Kuna watu kwa geti wamekuja kunizika."

Hivyo ndivyo mama mkwe wangu aliniambia. Bila kulia, bila kelele. Mkono mmoja ameshika kisu cha viazi, ule mwingine ameshika ukuta.

Nilidhani ni mzaha wake. Maitu Watiri, maitu ni mama kwa lugha yetu, anapenda mzaha.

"Kukuzika vipi, Maitu?"

"Nimewauliza wanatafuta nani. Wanasema wamekuja kutupea pole. Ati mama ya Mutahi amekufa."

Mutahi ni bwana yangu. Mama yake ni mmoja tu, na ndiye huyo alikuwa mbele yangu na gamubuti zake, maganda ya viazi yamejaa kwa leso.

"Na umewaambia nini?"

"Nimewaambia wangoje nikuite. Ningesema nini, na wamekuja na kondoo?"

Jamani, nyinyi wenye mnasoma hii... mimi naandika nikiwa na hasira. Nimeambiwa nisiandike. Nimeambiwa mambo ya nyumba yabaki kwa nyumba. Sasa someni.

Tunakaa Giakanja, hapa Tetu. Nilitoka nje nikapata pikapu nyeupe imeegeshwa kwa geti. Mzee mmoja mrefu, ndevu za hina, alikuwa anamteremsha kondoo dume kwa upole, kama anayeshusha mgonjwa. Kando yake mama wa makamo, amejifunga mtandio mweusi.

"Dada, pole," mzee akasema. "Mimi ni Kullow, kutoka Nanyuki. Huyu ni mke wangu, Safiyo. Mutahi ndiye anaendesha lori yangu ya ng'ombe."

Jina la Kullow nalijua. Ndiye mwajiri wa bwana yangu. Mutahi hubeba ng'ombe wake kutoka Nanyuki mpaka Karatina, Kagio, mpaka Murang'a, na hurudi nyumbani wikendi. Lakini miaka yote hiyo hajawahi kuleta mtu wa kazi hapa kwetu, wala mimi kunipeleka huko.

"Mungu ametoa, Mungu amechukua," Kullow akaendelea. "Mara ile ingine sikuja. Nilikuwa Moyale kununua mifugo, nikatuma tu kwa simu. Ilinisumbua roho sana. Kwetu pole haitumwi kama mtu analipa stima. Unaenda, unaketi, unamshika mtu mkono. Mara hii nikasema nitakuja mwenyewe, na nisimwambie, asihangaike kutupikia."

Mara ile ingine?

Sikuuliza. Kwa kile kichwa nilikuwa nacho saa hiyo ungeuliza nini? Lakini wewe msomaji shika hayo maneno, usiyaangushe.

Msichana wangu, Tiri, akatoka nyumbani mbio kuangalia kondoo. Jina lake kamili ni Watiri, kama nyanya yake, vile desturi yetu inataka. Safiyo alipomuona akapiga magoti kwa matope. Akamshika uso na machozi yakaanza kumtoka.

"Maskini mtoto," akasema. "Na bado mdogo hivi."

Nikajiambia, lo, huyu mama ana huruma. Kumlilia mtoto hivyo kwa ajili ya nyanya?

Nikawaingiza sebuleni, nikarudi jikoni, nikapiga simu.

"Uko wapi?"

"Karatina, napakua ng'ombe. Kuna nini?"

"Mamako alikufa lini?"

 Nikasikia ng'ombe wakilia huko nyuma yake.

"Nani amekuambia?"

Mmeona? Mtu asiye na hatia angepiga nduru. Angeuliza, "Maitu amekufa? Nini imemtendekea?" Huyu wangu aliuliza nani amekuambia.

"Kullow yuko hapa. Na bibi yake, na kondoo."

"Wachuka, skiza. Skiza vizuri. Usiongee sana na hao watu. Wapatie chai waende. Maitu akae jikoni asitoke. Na wewe usijitambulishe."

"Nisijitambulishe kwa nini?"

"Sema wewe ni jirani."

"Mimi? Kwangu? Niseme mimi ni jirani?"

"Sema tu! Unataka nifutwe kazi? Tiri atasomeshwa na nini? Nakuja saa hii."

Akakata.

Maitu alikuwa amesikia yote, kwa sababu simu yangu huongea kama spika ya kanisa. Nilingoja alaani. Nilitaka alaani. Badala yake alichukua kile kigoda chake akakisogeza nyuma ya rundo la kuni, pale mtu wa nje hawezi kumuona, akaketi.

"Maitu, unafanya nini?"

"Ni mtoto wangu. Wacha nikufe kidogo, kazi isipotee."

Wacha nikufe kidogo.

Mama mzima, aliyelea watoto kwa jembe la kahawa ya watu, anajificha nyuma ya kuni ili mwanawe aendelee kuwa mwongo. Hapo ndipo hasira ilianza kunipanda kutoka kwa miguu.

Kwa sababu mimi nilijua ni nini. Hakuna mtu alihitaji kunieleza. Ni kale kandege.

Kama hukajui, bahati yako. Ni mchezo wa kwa simu. Kandege kanapaa, namba zinapanda, na wewe unatakiwa utoe pesa yako kabla hakajapotea. Kanapotea. Kila siku kanapotea. Na kila siku mtu mwenye akili zake, mwenye leseni ya lori, anaamini leo atajua kanapotea saa ngapi.

Alianza na mpira. Vijana wa sokoni walikuwa wanabeti, naye akaweka kidogo, akashinda. Huo ushindi wa kwanza ningeupata ningeunyonga. Akaleta nyama nyumbani siku ya katikati ya wiki, akamnunulia Tiri viatu vya taa. Tukafurahi. Nani hukataa nyama?

Halafu simu ikaanza kulala kifudifudi kwa meza. Akienda kuoga anaenda nayo. Ukimuuliza kitu anakujibu "ehe" na macho hayapo. Anacheka peke yake, dakika kidogo ananuna, na hakuna mtu ameongea naye. Cherehani yangu ikaenda kutengenezwa Nyeri mjini, mpaka leo inatengenezwa. Tangi ya maji ikapasuka, ati, akaitoa. Sikuona ufa.

Nilipomshika na maneno alisema hivi: "Nataka tu kurudisha ile imepotea, halafu niache."

Andikeni hiyo mahali. Mtu akishaanza kubeti ili arudishe ile imeenda, huyo hachezi tena. Anachezwa. Na ile redio niliyozima asubuhi hiyo ilikuwa inapiga tangazo la hayo hayo. Wanakupigia muziki, wanakuita bingwa, halafu mwishoni mtu anasema haraka haraka, kwa sauti ya kupita, "cheza kwa kiasi." Kiasi gani? Cha cherehani ama cha tangi?

Basi. Nikapeleka chai.

Nikamkuta mgeni mwingine sebuleni. Mzee Hezekiah, mzee wetu wa kanisa, amevaa koti la Jumapili na ni siku ya kazi. Kumbe Kullow alipofika sokoni aliuliza njia: "Kwa Mutahi aliyefiwa na mama ni wapi?" Unajua Giakanja. Hapo hapo habari ikatangulia kutembea.

"Nimesikia Watiri ametuacha," Hezekiah akaniambia. "Jumapili si tulikuwa na yeye kwa kwaya?"

Nikamshika mkono, nikamvuta mpaka jikoni, nikamuonyesha nyuma ya kuni.

Maitu akampungia kisu.

Yule mzee alishika kifua. Nilimueleza kwa maneno machache. Nikangoja aseme neno la mtu wa Mungu.

"Wachuka," akasema polepole, "mambo ya nyumba humalizwa ndani ya nyumba. Wageni wakunywe chai, waende. Halafu tutaketi chini na kijana, tuombe. Usimuaibishe bwana yako mbele ya mgeni."

Nisimuaibishe mimi?

Hiyo ndiyo dawa yetu huku mlimani. Mwanamume akianguka, wanawake wote walale chini ili aonekane amesimama.

Tukarudi sebuleni. Kullow alikuwa anaongea taratibu, mtu mstaarabu kabisa.

"Nilifurahi aliponiambia mlimzika siku ile ile," akasema. "Maiti haifai kungojeshwa. Mlifanya vizuri."

Hezekiah akapaliwa na chai.

Huku kwetu ni nani huzikwa siku ile ile? Kwetu hata mtu maskini anapata wiki ya maombi. Kuna kamati, kuna mchango, kuna kijitabu chenye picha, kuna kugombania nani atasoma historia ya marehemu. Mutahi angemwambia jirani yeyote wa hapa kwamba mamake alikufa asubuhi akazikwa jioni, angeulizwa kama alimzika mbuzi. Lakini alijua kwa Kullow hiyo ni heshima. Alichukua desturi ya dini ya mwenzake, ile nzuri ya kuharakisha maiti, akaifanya ngazi ya kuiba rambirambi haraka.

Na kile hakukijua ndicho kilimmaliza. Hakujua kwamba desturi hiyo hiyo inamleta mtu mpaka mlangoni.

"Dada," Kullow akasema akiinuka, "tuonyeshe kaburi. Tumuombee, halafu tutawaacha mpumzike."

Sikuwa na kaburi. Ningelitoa wapi?

Lakini alikuwa tayari ameangalia dirishani. Nyuma ya zizi kulikuwa na udongo mpya, umerundikwa mrefu. Akaweka kikombe chini akaelekea huko. Safiyo nyuma yake, Hezekiah nyuma ya Safiyo, na mimi nyuma yao wote.

Wasomaji wangu, ule udongo ulikuwa wa shimo la silage. Tulichimba tuweke napier, nyasi ya ng'ombe ya kiangazi. Tulikuwa tumeshaanza kujaza na kufunika upande mmoja.

Kullow akasimama hapo. Akainua mikono mbele ya uso wake, viganja wazi, akafunga macho, akaanza kumuombea mama yetu. Kwa moyo wote.  Safiyo akasimama mbali kidogo ameinamisha kichwa.

Na mzee wa kanisa, ambaye alikuwa ametoka kumuona Maitu akiwa na kisu cha viazi... alivua kofia.

Alivua kofia mbele ya nyasi!

Nikageuka nisimuone. Jikoni yetu ni ya mbao, na kati ya mbao mbili niliona jicho. Maitu alikuwa ametoka nyuma ya kuni. Alikuwa anaangalia watu wakimuombea roho yake kwa shimo la ng'ombe, na lile jicho lilikuwa limejaa maji.

Tiri akanivuta sketi.

"Mami, kwa nini wanaombea napier?"

Nikafikiria kazi ya Mutahi. Nawaambia ukweli, nilifikiria. Nilifikiria karo na unga na vile tutaonekana sokoni. Nikiongea, lori imeenda. Nikinyamaza, huyu mtoto wangu mwenye jina la nyanyake atajua kwamba kwetu mtu anaweza kuzikwa akiwa mzima, na watu wakavua kofia.

"Mzee Kullow," nikasema. "Toka hapo."

Akafungua macho.

"Hapo hakuna mtu. Ni nyasi ya ng'ombe. Mama ya Mutahi hajakufa. Ndiye alikufungulia geti."

"Wachuka," Hezekiah akanong'ona.

"Wewe vaa kofia yako," nikamwambia. "Maitu! Kuja nje!"

Mlango wa jikoni ukafunguka. Maitu Watiri akatoka, amejifuta macho, amenyoosha leso. Akatembea mpaka kwa Kullow akampa mkono.

"Asante kwa kuniombea," akasema. "Hakuna mtu amewahi kuniombea vizuri hivyo."

Kullow akaushika ule mkono, hakuuachilia. Akamwangalia, akaangalia shimo, akaangalia viganja vyake.

"Wallahi," akasema, kwa sauti ndogo sana. "Nimemwombea nani?"

Hapo ndipo tukasikia lori.

Mutahi alishuka akikimbia. Akafika kwa kona ya zizi akatuona tumesimama wote, na mamake katikati. Akasimama hapo hapo. Kwa miaka yote ya ndoa sijawahi kuona mtu akikosa mahali pa kuweka uso wake namna hiyo.

"Mzee, wacha nieleze..."

"Usimwambie yeye," Maitu akasema. "Niambie mimi."

Akaenda mpaka pale kondoo alikuwa amefungwa, akamfungua, akamvuta mpaka mbele ya mwanawe. Akashika kamba kabisa.

"Zamani," akasema, "mtu akifanya jambo chafu kama hili alikuwa anatahikishwa. Kondoo dume kama huyu anachinjwa, na wewe unatapika ubaya wote mpaka unaisha. Saa hii tumeokoka, hatufanyi hayo. Si ndio, Hezekiah?"

"Ndio," Hezekiah akasema, amekazia macho viatu vyake.

"Basi kondoo hataguswa. Lakini kutapika utatapika. Na mdomo. Hapa. Tapika, Mutahi."

Akaanza. Polepole kwanza, halafu ikatoka. Kandege. Rambirambi ya mamake, ile Kullow alimpa mkononi kule Nanyuki, ilikwisha kabla chai aliyoagiza haijapoa. Gurudumu la akiba la lori, ambalo alimwambia Kullow liliibwa. Cherehani. Tangi. Alikuwa anatoa jasho kama mtu wa malaria.

"Nilikuwa nataka kurudisha," akasema. "Maitu, naapa, nikishinda mara moja tu ningerudisha yote niache."

"Endelea."

"Nimemaliza."

"Hujamaliza. Mtu hajifunzi kuua na mamake. Mamake ni wa mwisho. Nani mwingine umemzika?"

 Kullow akainua kichwa.

Na yule mama, Safiyo, alikuwa ananiangalia. Hakuwa anamwangalia Mutahi. Ananiangalia mimi, kutoka kichwani mpaka kwa miguu, vile mtu anaangalia kitu na haamini.

"Mutahi," akasema. "Huyu mama ni nani?"

Mutahi akaniangalia. Macho yetu yakakutana. Bwana yangu wa kanisani, baba ya mtoto wangu.

"Ni jirani," akasema.

Akarudia. "Ni... ni jirani. Anatusaidia na mtoto."

Sijui mbwa alibweka ama ni mimi nililia. Nilisikia sauti.

"Mimi ni Wachuka," nikasema. "Mimi ndio bibi yake. Wa kwanza na huyo huyo wa mwisho."

Safiyo akaketi chini, pale pale kwa udongo wa shimo.

"Wachuka alikufa," akasema. "Mwaka jana. Hospitalini, na mtoto tumboni. Nililia wiki nzima. Nilimwambia Kullow, huyo msichana mdogo atalelewa na nani?"

Mara ile ingine. Si niliwaambia mshike hayo maneno?

Na sasa nitawaambia kitu ambacho sijawahi kuandika mahali. Mwaka jana nilikuwa na mimba. Presha ikapanda, nikalazwa Nyeri, na mtoto akaenda. Mtoto alienda kweli. Mimi nikarudi.

Mutahi alikuwa anakuja kuniona. Anaketi kando ya kitanda, kichwa chini, mikono katikati ya magoti. Mimi mgonjwa ndio nilikuwa nampapasa mgongo, nikimwambia tutapata mwingine, usiumie hivyo. Nilidhani anamlilia mtoto wetu. Kumbe simu ilikuwa hapo katikati ya magoti. Alikuwa ameshanizika Nanyuki, rambirambi yangu imeingia, na alikuwa anaangalia kandege kakipaa na pesa ya kifo changu.

Msiniambie nimsamehe. Bado. Mtu akija hapa kwa maoni kuniandikia "dada, samehe," nitamfuta.

Kullow hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, Mutahi akaweka ufunguo wa lori ndani.

"Gurudumu ningekusamehe," akasema. "Pesa ningekusamehe. Lakini nimesimama mbele ya Mungu nikamwambia uongo kwa mdomo wangu, kwa sababu yako. Hiyo sina ruhusa ya kusamehe."

Halafu akamgeukia Maitu.

"Mama, hii kazi yake nakupa wewe. Siku ukiniambia amepona, lori iko. Usiponiambia, haiko."

"Na kondoo?" Maitu akauliza.

"Kondoo aliletwa kwa marehemu. Marehemu yuko hapa, anaongea. Ni wako."

Safiyo aliinuka kutoka pale chini akanikumbatia. Alinishika kwa nguvu, na nikajua ndio mara ya kwanza mtu ananikumbatia kwa sababu ya yule mtoto. Huyu mwanamke alinililia mimi wiki nzima na hata hajawahi kuniona. Mwenye aliniona kila wikendi aliniita jirani.

Hezekiah alitaka kufunga kwa maombi. Maitu akamwambia aende akamalize chai yake kwanza.

Sasa mnataka kujua tuko wapi leo.

Mutahi yuko hapa hapa. Anakata napier. Lile shimo amelijaza peke yake, na kila anapolikanyaga Maitu anamuuliza, "Nimelala vizuri huko chini?" Anatumia simu ya vibonyezo, ile ya kumulika usiku. Laini ya pesa ninakaa nayo mimi. Wenye kampuni za kubeti aliwaandikia mwenyewe, mimi nikiwa kando, kwamba wamfungie asiingie tena. Anaenda mjini kuongea na mshauri, kuna wenzake huko wa namna yake, wengine wamevaa tai. Ameanguka mara moja. Alibeti kwa simu ya kinyozi. Lakini alikuja akasema mwenyewe kabla sijasikia kwa watu, na huyo mshauri aliniambia hapo ndipo ugonjwa huanzia kupona, mtu akisema kabla hajashikwa.

Kondoo yuko. Hatujamchinja. Maitu alimfunga kwa geti, na mtu akiuliza wa nini, anajibiwa, "Ni wa mazishi yangu."

Na wewe mwenye umesoma mpaka hapa na simu yako imelala kifudifudi. Ndio, wewe. Kama unacheza na pesa ya mchezo, ile ukipoteza unacheka unaenda kulala, sina neno na wewe. Lakini kama unarudisha, kama unaficha, kama umeanza kutengeneza hadithi ndio upate ya kuweka, umeshaanza kuzika watu. Ni vile tu hujafika kwa mamako. Mwambie mtu leo, na mdomo wako, kabla kondoo hajashushwa kwa geti lako.

Na nyinyi wengine mnaopenda kutuma pole na kidole kimoja halafu mnarudi kuangalia video. Kama Kullow angetuma kwa simu mara ya pili, mimi ningekuwa maiti mpaka leo, na wa kufuata angekuwa Tiri. Kilichotuokoa ni mzee mmoja aliyeona aibu kwa sababu mara ya kwanza hakufika.

Jina langu ni Wachuka. Niko Giakanja, niko hai, na siku hizi nashona kwa cherehani ya kuazima. Ukisikia nimekufa, usitume kitu.

Kuja unione.